Taa Iliyokuwa na Joto

Mtu akiniuzia kitu bila kubishana bei, huwa naanza kumwangalia mikono. Yule mama wa Kanja, kule Embu, alitaja bei yake, nikataja yangu ya kumtukana, akasema, "Sawa." Sawa tu. Kwetu Githongo, Meru, hata kuku hauzwi hivyo.

Nieleze kwanza kilichonipeleka kwake. Mke wangu alipofariki, tulikosa picha ya kuweka kwenye kile kitabu cha mazishi. Tukakuza ile ya kitambulisho, ikatoka doa jeusi lililofunga kitambaa. Watu wakaliimbia doa. Nikaapa wazee wa kanisa letu hawatazikwa hivyo, nitawapiga picha ya maana wangali hai. Shule niliachia darasa la nne, na kamera, ambayo binti yangu alininunulia, niliishika nikiwa na mvi. Kilichokosekana ni taa. Ndipo nikauza ng'ombe wa marehemu, yule aliyekataa kukamuliwa na mtu mwingine isipokuwa yeye. Mimi alikuwa ananipiga mateke, kwa hivyo alipopakiwa kwenye pikapu sikulia. Nililia kesho yake, nilipoona kamba.

Sasa unaelewa. Taa zikiwa mbovu, ng'ombe wa mke wangu ameliwa bure.

Mume wa huyo mama alikuwa na studio sokoni. Alipokufa, zikabaki taa mbili, zile za kupiga mwanga mara moja kama radi, kila moja na mwavuli wake mweupe. Nilifika alasiri, nikaziangalia, nikakataa kuzijaribu. Mimi nimenunua ng'ombe miaka mingi. Najua mwenye kuuza huacha kukamua jioni ili asubuhi mgeni aone kiwele kimejaa. Dawa yake ni kurudi alfajiri bila kuambia mtu. Nikamuaga kama mtu anayeenda Meru, kumbe nalala kwa shemeji yangu hapo hapo Embu.

Kulipopambazuka nilikuwa mlangoni.

"Umerudi mapema, mzee," akasema. Hakushangaa. Hilo pia nikaliweka akilini.

Nikaingia moja kwa moja mpaka kwa taa, nikaweka kiganja mgongoni mwa ile ya kwanza. Ilikuwa na joto.

"Mama, hii imewashwa."

"Tangu nilipoamka. Naiamsha."

"Taa nayo hulala?"

"Zimekaa karibu mwaka bila stima. Mzee wangu alikuwa anasema taa ikikaa hivyo, ukiipa nguvu yote siku ya kwanza inapasuka tumboni. Unaiwasha kidogo, unaiacha inywe pole pole. Hiyo nyingine bado, soketi ni moja."

Nikacheka kwa pua. Mnadani nimeambiwa habari za ng'ombe anayekohoa kwa sababu ya vumbi, na mwingine anayechechemea kwa sababu amemkumbuka ndama wake. Taa inayokunywa pole pole ilikuwa ya kwanza.

"Nataka kujaribu hii ambayo haijatayarishwa," nikasema.

"Ngoja hadi saa tatu."

"Saa tatu utakuwa umeifanyia mambo yako."

"Watu wa Meru. Mkipewa maji mnauliza mto."

"Na watu wa Embu hamtaji mto."

Akakunja mikono. "Haya. Mkono ni wako."

Nikachomoa ile ya kwanza, nikaichomeka hii, nikazungusha kile kifungo cha nguvu mpaka mwisho, nikabonyeza. Mwanga ukapiga, nikaona mpaka utando wa buibui darini. Nikamwangalia yule mama kama mtu aliyemshika mwizi. Nikabonyeza tena. Ikalia kama punje ya mahindi ndani ya moto, lakini punje ya ukubwa wa ngumi. Moshi ukatoka nyuma. Kuku aliyekuwa chini ya meza akaenda zake.

Yule mama akafungua dirisha. Hakukuwa na haja ya kubishana. Kwetu, ng'ombe akifia mikononi mwako ukimjaribu, ni wako. Nikalipa zote mbili. Hakuhesabu. Akaniwekea chai, nikangoja anywe yake kwanza, ndipo nikanywa.

Mpaka leo sijui. Kama alitaka ningoje kweli, si angechomoa waya? Au alinijua mapema, kwamba taa nitakayokatazwa ndiyo nitakayoishika? Mtu anayekuambia ukweli mara moja tu, kisha akakunja mikono, mimi simwelewi.

Jumapili nilisimamisha taa iliyo hai nyuma ya kanisa. Mwavuli wa ile iliyokufa nikauweka upande wa pili, urudishe mwanga. Wa kwanza kuketi alikuwa dada yangu mkubwa, ambaye hata mchungaji humwogopa.

"Hii ni ya kuzikwa?" akauliza.

"Ni ya ukutani."

"Unadanganya."

"Ndiyo."

Macho yake yakacheka kabla ya mdomo, nikabonyeza hapo hapo. Ikatoka kila kunyanzi, hata kovu la jiwe nililomrushia tukiwa wadogo tukichunga mbuzi. Akaishika kamera, akajitazama kwenye kioo chake.

"Huyu namjua," akasema.

Kwa hivyo nusu ya ng'ombe ilifia Kanja. Nusu iliyobaki huiamsha kila Jumapili alfajiri, mimi mwenyewe, kidogo kidogo, kiganja mgongoni mwake mpaka ipate joto.