Nguzo ya Kumi na Tatu

Nayasema mwenyewe leo, kwa sababu waliokuwapo wamekwisha kuyasema bila mimi na kila mmoja ameongeza chumvi yake: mimi, mtu mzima mwenye mvi, niliyejifundisha kusoma na kupima bila mwalimu wala kiboko, niliwahi kuteremka mbio mteremko wa Nkoaranga, karibu uchi, nikipiga kelele, na kelele yenyewe ilikuwa hesabu.

Ilikuwa zamani za Wadachi, kabla ya vita. Nilikuwa fundi (kwa kamba yangu ya kupimia waliniita Fundi Kamba) wa mlowezi mmoja ambaye vibarua walimwita Bwana Miwani, naye alitaka kujenga nyumba ya mawe ya ghorofa moja juu ya shamba lake jipya la kahawa. Chini kidogo ya kiwanja aliishi ajuza mmoja, mjane, ambaye kila mtu alimwita Koko, yaani bibi. Kila alfajiri Koko alifungua mlango, akauelekea mlima Meru, akatema mate kidogo kuelekea kileleni (kwao mate ni baraka, msicheke), akazungumza na Mungu, kisha ndipo akawasha moto. Nilipopima kwa kamba nikaona kwamba nyumba ikisimama pale ilipochorwa, paa lake litakaa barabara kati ya mlango wa Koko na kilele.

Nilimweleza. Loishiye, mbeba mawe wa Kiarusha mwenye mdomo usiojua kufunga, ndiye aliyekuwa mkalimani wangu.

"Anauliza," akasema Loishiye, "akifungua mlango akute paa, atamsalimu nani? Paa?"

Nikaenda kwa Bwana Miwani na kumwomba asogeze nyumba hatua thelathini upande wa mashariki, ng'ambo ya korongo, ambako miti ingeificha na mlima ungebaki wazi. Akasema kwamba mawe ya msingi yatafika Jumatatu, na kabla ya hapo nimletee daftari lenye vipimo. Akiziamini hesabu zangu, atasogeza. Asipoziamini, atajenga.

Basi nikabuni njia. Nilikata miti kumi na miwili mirefu, nikaisimamisha kwa kuufuata mchoro wa nyumba, kila mmoja kimo cha paa, ili mtu akisimama mlangoni kwa Koko aione nyumba kabla haijajengwa na kujua ni nguzo zipi hasa zinazoukata mlima. Na ili zionekane kwenye ukungu (kule wakati wa baridi ukungu hushuka hadi migombani), nikaamua kuzifunga ncha za nguzo kwa merikani nyeupe, kila kitambaa urefu wa mtu, na pembeni nikakiandika namba kwa mkaa, ya kwanza hadi ya kumi na mbili.

Hapo ndipo nilipofanya kosa dogo lililozaa mengine yote. Jioni ya Jumamosi, nikiwa nimebakiza nguzo moja, Koko alipita akitetemeka kwa baridi, na ngozi yake ya mbuzi imelowa. Nikampa kitambaa cha kumi na mbili. Tendo jema, nilidhani. Kisha nikavua kanzu yangu, nikaifunga kwenye nguzo ya mwisho na kuisimamisha, maana kanzu ni nyeupe, na nyeupe ni nyeupe. (Kanzu yangu ya pili ilikuwa kambani siku ya tatu bila kukauka.)

Loishiye alisimama, akazitazama, akatema mate pembeni, na hayo hayakuwa ya baraka.

"Fundi Kamba, umetupandia maiti."

"Hizo ni nguzo za vipimo," nikamwambia.

"Na ile yenye mikono?"

"Ni kanzu yangu."

"Basi leo umejipanda na mwenyewe," akasema, akachukua sururu yake akaondoka, na wenzake wakamfuata bila hata mmoja kucheka, jambo ambalo kwa watu wale halikuwa la kawaida.

Jumatatu alfajiri nikaenda kwa Koko nikiwa na msuli, blanketi, daftari na wino. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikadhani bado amelala, nikageuka kuutazama mteremko.

Ukungu ulikuwa umekula migomba yote na miguu ya nguzo zote. Kilichobaki ni zile ncha nyeupe, zimesimama hewani bila kushikwa na kitu, kimya, zimepangana kama watu waliokuja msibani wakakuta nyumba haina mtu. Hapakuwa na upepo. Hata mbega, ambao saa ile hunguruma mpaka korongo likajibu, walikuwa wamenyamaza. Niliona mikono ya kanzu yangu ikining'inia, na nakiri kwamba sikupenda kuitazama sana, kwa sababu ilikuwa na mabega yangu.

Nikajiambia: wewe ni mtu wa vipimo, hesabu. Nikahesabu kutoka kushoto. Kumi na tatu.

Nikafumba macho, nikafumbua, nikahesabu kutoka kulia. Kumi na tatu. Nikahesabu kwa kuziba moja moja kwa kidole. Kumi na tatu, na ile iliyozidi ilikuwa nyuma ya nyingine, juu kidogo mteremkoni, kichwa chake kimelingana na vichwa vya wenzake. Kwa kuwa nilijiapia tangu ujana kuandika ninachokiona na si ninachokitaka, nikachovya kalamu nikaandika: *Zilizosimamishwa, kumi na mbili. Zinazoonekana, kumi na tatu.*

Wino haujakauka, ile ya kumi na tatu ikainama.

Nguzo haiinami. Nilijua hilo kuliko mtu yeyote, nilikuwa nimezichimbia mwenyewe. Ikainama, ikainuka, ikanyoosha mikono juu, na mimi nikasikia sauti ikipiga kelele "Kumi na tatu! Zimezidi! Kumi na tatu!" na nilipotambua kuwa sauti ni yangu nilikuwa nimekwisha kufika migombani, blanketi limebaki kwenye miiba, msuli unafunguka, mpaka nikakosa daraja la gogo na kutumbukia kwenye mfereji wa maji, mbele ya wanawake waliokuja kuteka, vibarua wote na mawe yao vichwani, na Bwana Miwani juu ya nyumbu wake wa kupanda.

Mwanamke mmoja akajifunika uso kwa kibuyu.

"Fundi Kamba," akasema Loishiye taratibu, "hesabu imekuuma?"

Hapo ndipo walipoangua kicheko. Bwana Miwani hakucheka. Aliteremka, akaliokota daftari lililoniponyoka ukingoni, akaifungua karatasi ya mwisho, akaisoma mara mbili.

"Ulisimamisha ngapi?"

"Kumi na mbili, bwana."

"Na umeandika kumi na tatu."

Kicheko kilikatika ghafla. Kutoka kwenye ukungu kitu cheupe kilikuwa kinashuka, polepole, bila sauti ya nyayo, na vibarua wawili wakayatua mawe. Alikuwa Koko. Alipita katikati yao, akafika ukingoni mwa mfereji, akavua merikani mabegani akabaki na ngozi yake, akanifunika kwa kitambaa hicho kama mtu anavyomfunika mtoto. Pembeni mwa kitambaa niliona mwandiko wangu wa mkaa: kumi na mbili.

Loishiye akamuuliza, naye akajibu maneno machache.

"Anasema alipanda kuomba kule juu," akafasiri Loishiye, na safari hii hakutania. "Alitaka kupajua, endapo mlangoni pake patazibwa."

"Bwana," nikasema huku meno yakigongana, "ya kumi na tatu ni huyu bibi. Vipimo vingine vyote ni sahihi."

Bwana Miwani akalifunga daftari. "Fundi asiyeweza kutofautisha ajuza na nguzo," akasema, "ndiye nisogeze nyumba kwa macho yake?"

Mawe yakashushwa pale pale palipochorwa. Nami ndiye niliyeyapanga, kwa unyoofu, kwa sababu sikujua kuyapanga kwa namna nyingine. Siku paa la bati lilipofungwa nilikwenda kusimama mlangoni kwa Koko. Mlima haukuwapo.

Msimu wa baridi uliofuata Bwana Miwani aliniita asubuhi na mapema. Alikuwa dirishani, miwani mkononi.

"Fundi. Nyuma ya nyumba ulibakiza nguzo?"

"La, bwana. Nilizing'oa zote kumi na mbili."

"Kahesabu."

Nikatoka, nikapanda kwenye ukungu. Kile cheupe kilikuwa kimesimama, kimeuelekea mlima. Tangu mkasa ule siandiki idadi ya kitu mpaka nimekigusa kwa mkono, kwa hiyo nilikwenda mpaka karibu kabisa, nikauweka mkono begani.

"Shikamoo, Koko."

"Marahaba," akajibu bila kugeuka. Ni neno pekee la Kiswahili alilokubali kujifunza kwangu.

Nikarudi. "Hakuna nguzo, bwana."

Aliniamuru nipande ua mnene nyuma ya nyumba, asipaone tena mahali pale, nami nikaupanda kwa kamba, hatua moja kati ya mche na mche, na kila kipimo nikakiandika daftarini. Nikaacha pengo moja, upana wa mtu mmoja, barabara kati ya dirisha lake na pale aliposimama Koko. Hilo sikuliandika.