Kaka Mzima Mbele ya Jaji

Nilimaliza kidato cha nne katika darasa la jioni hapa Shanwe, nikiwa na ndevu za kutosha kujazia godoro, na tangu siku hiyo ukoo mzima, kuanzia Mpanda mjini mpaka maporini kwenye ng'ombe, ulinihesabu kuwa nusu wakili. Ndiyo maana figo za dada ziliposhindwa kazi, na ofisi ya bima ikatuambia kanuni inasema anayejiunga akiwa tayari anaumwa figo asubiri kwanza mwaka mzima, kaka yetu mkubwa alinigeukia mimi.

"Msomi," akasema, "huo mwaka mzima atausubiria wapi?"

Bila kusafishwa damu kwa mashine, dada asingeziona mvua za kwanza. Na mashine inataka kulipiwa. Wale ng'ombe ambao wazazi wetu waliwaswaga kutoka Usukumani walikuwa wanaingia mmoja mmoja kwenye mkono wa dada kupitia sindano. Asubuhi zizi lilikuwa kimya mpaka unasikia nzi wakisalimiana.

Nikakumbuka somo la uraia: Katiba inampa kila mtu haki ya kuishi, na sheria inayoikanyaga haki hiyo unaweza kuipeleka Mahakama Kuu. Nilimweleza kaka kwa sauti ya mtu aliyeiandika Katiba yenyewe. Tukaenda kwenye steshenari moja ya Makanyagio, kaka akisema, mimi nikinyoosha lugha, binti wa pale akichapa.

"Mleta maombi tumwandike nani?" binti akauliza.

"Mimi," kaka akajibu.

"Si mgonjwa ni dada yenu?"

"Binti, kwetu mgonjwa hasimamishwi mbele za watu. Akiumwa mdogo, mkubwa ndiye anaumwa."

Ndivyo tulivyolelewa. Aliyelala anaachwa alale. Mkubwa wa boma anamsemea, iwe kwa mganga, kwa mtendaji au kwa padri. Hakuna kati yetu aliyewaza kwamba Mahakama Kuu ina utaratibu mwingine.

Siku ya shauri tulikwenda Sumbawanga, iliko Mahakama Kuu. Kaka alivaa koti la harusi yake, koti lililohudhuria misiba mingi kuliko padri. Nilidhani Jaji ataanza na kanuni: ni mbaya au ni nzuri? Hakuigusa kabisa. Wakili wa Serikali, kijana mpole tu, alisimama na pingamizi la awali: kabla ya kusikiliza malalamiko, Mahakama ijiulize kama aliyeyaleta ndiye aliyeumizwa.

Jaji akavua miwani. "Mleta maombi, kanuni hii imekuathiri vipi wewe mwenyewe? Unaumwa?"

Kaka alidhani anapimwa kama anafaa kuisemea familia. Akajinyoosha mpaka nikaogopa atagusa feni. "Mheshimiwa, mimi ni mzima kabisa! Hata panadol sijawahi kumeza."

Watu wakacheka.

Jaji hakucheka. Alieleza polepole kwamba sheria inamtaka mleta maombi aape jinsi yeye binafsi alivyoguswa, na kiapo cha kaka hakikuwa na hilo. Mahakama haijasema kanuni ni halali wala si halali, haijafika huko. Maombi yanaondolewa. Mwenye maumivu anaweza kuja mwenyewe.

Nje, kaka alikaa kwenye ngazi. Nilishamwona akimzika baba, akamzika na mama, bila kudondosha chozi. Siku hiyo alilia mpaka kola ikaloa. "Nimemchelewesha," alisema. "Nimemchelewesha mtoto wa mama."

Kumwambia dada alishindwa. Nilimwambia mimi, yeye akiwa kitandani, miguu imevimba, uso umevimba. Akamgeukia kaka.

"Kwa hiyo umesafiri mpaka Sumbawanga kuwaambia huumwi?"

Alicheka hadi akakohoa, halafu kicheko kikageuka hasira. "Nyie mnanisemea kama nimeshakufa. Nileteeni hicho kiapo niape."

Safari hii aliandika wakili wa msaada wa kisheria, na dada akaapa mwenyewe: figo zake, mashine yake, mwaka wake asioweza kuusubiri. Tuliporudi Sumbawanga, fahali wa mwisho alikuwa ameshauzwa. Mleta maombi akaitwa. Kaka akainuka kwa mazoea. Nikamvuta koti, akakaa. Dada akasimama, ameshikilia meza kwa mkono wenye bandeji.

Wakili wa Serikali alikuja na pingamizi jingine: tulipaswa kulalamika kwanza kwenye bodi ya bima. Wakili wetu akaonyesha kwamba tulishalalamika huko, na bodi ikatukatalia. Jaji akasoma, akasoma, mimi nikizeeka pale kwenye benchi. Kisha akasema aliyeathirika amefika, milango mingine ameshaigonga, na hoja yake inagusa uhai. Pingamizi limetupwa. Maombi yatasikilizwa.

Kaka alinikumbatia mpaka mbavu zikahama. Dada akamgeukia wakili.

"Tumeshinda?"

"Bado, mama. Umekubaliwa kusikilizwa. Sasa tunasubiri majaji watatu wapangwe, ndipo tupewe tarehe."

Dada akatazama bandeji, akamtazama kaka, akajishusha kwenye benchi taratibu.

"Waambie wafanye haraka," akasema. "Waambie ng'ombe wameisha."