Nyimbo za Kwetu Ndani ya Gari

Redio ya gari letu ilikuwa imekwama kwenye stesheni moja. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, limepitia mikono mingi kabla ya kutufikia, na kitufe cha kutafuta stesheni kilikuwa kimezama ndani kikakataa kutoka. Mume wangu hakuona shida yoyote. Stesheni ilikuwa ya Kibukusu, inasoma matangazo ya vifo mchana na jioni, na yeye ni Mbukusu. Mimi nilizaliwa Kitale, kwa watu waliotoka upande wa Mlima Kenya wakanunua shamba Trans-Nzoia kabla mimi sijazaliwa. Kibukusu nakielewa, lakini kukiongea nababaisha. Kwa hiyo kwa miaka mitatu niliendesha gari nikisikiliza ni nani amekufa.

Nasema niliendesha kwa sababu mimi ndiye nililitumia zaidi. Nilikuwa nauza nguo za watoto za mitumba katika soko la Chwele, na mzigo niliuchukua Kitale. Mume wangu alifanya kazi ofisini Bungoma mjini, akienda asubuhi na kurudi jioni kwa lifti ya mwenzake. Lakini gari lilikuwa letu sote wawili, na sitaki mtu asome hapa adhani nilikuwa nadai ni langu peke yangu.

Mwaka uliofuata ule wa fujo za uchaguzi, nilinunua kidude cha MP3 pale Kitale. Kilikuwa kidogo kama kiberiti. Kilikuja na waya unaoingia kwenye kidude cha pili, ambacho unakichomeka kwenye tundu la kiwashio cha sigara. Hicho cha pili ndicho kinachorusha wimbo hadi kwenye redio, mradi upange namba yake ilingane na namba ya redio. Redio yetu ilikuwa na namba moja tu maishani. Nikapanga hiyo hiyo, ya matangazo ya vifo, na nilipobonyeza, msomaji wa matangazo akanyamaza katikati ya jina la mtu na gitaa likaingia. Nilicheka peke yangu pale kwenye maegesho kama mtu aliyeiba embe.

Aliyeniuzia ndiye alinijazia nyimbo. Nisidanganye: za kanisa zilikuwa sita hivi, za kwaya ya akina mama ya kwetu. Zilizobaki zote zilikuwa nyimbo za mapenzi za Kikikuyu, zile za zamani za gitaa, ambazo baba yangu alikuwa akizicheza tukikamua ng'ombe.

Nilijifunza vile vitufe kwa kidole gumba. Kidude nilikiweka kwenye paja, juu ya leso ili kisiteleze. Kitufe cha kuruka wimbo kilikuwa na mwinuko kidogo, cha kurudisha hakina. Cha sauti kilikuwa pembeni, na ukikibonyeza sana kinaruka hatua mbili badala ya moja. Siku moja nikitafuta wimbo nilikaribia kumgonga mtu wa baiskeli karibu na Kiminini. Alinitukana na alikuwa na haki. Kuanzia siku hiyo nikajiwekea sheria: sibadilishi wimbo ila nikiwa kwenye tuta, gari limepunguza mwendo. Kwa hiyo kama wimbo ni mbaya, navumilia hadi tuta lingine.

Sasa nimweleze baba mkwe wangu, maana bila yeye hakuna la kusimulia. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa, na alikuwa na pikapu yake. Katika boma lile, mke wa mtoto na baba mkwe hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja, wala hawapeani kitu mkono kwa mkono. Chai yake naiweka mezani, narudi nyuma, ndipo yeye anaichukua. Mimi sikuona huko ni kudharauliwa. Kwetu pia kuna heshima zetu. Lakini baada ya fujo aliongeza sheria ambayo haikuwa ya mila: lugha ya kwetu isisikike katika gari lolote la boma lake, liwe pikapu yake au gari letu. Aliisema mara moja tu, na hakuna aliyemuuliza sababu. Mimi sababu niliijua.

Basi Jumapili moja nilienda kumchukua mama mkwe kanisani, Sirisia. Ibada ilikuwa imekwisha. Nafasi iliyobaki uwanjani ilikuwa moja tu, ubavuni mwa pikapu ya mzee. Yeye na wazee wenzake watatu walikuwa wamesimama pale, mlango wa pikapu wazi, wanasikiliza matangazo ya vifo, kwa sababu mmoja wao alikuwa anasubiri kusikia shangazi yake anazikwa lini. Mimi nilifunga vioo, nikapunguza sauti kabisa, nikabaki na gitaa langu dogo ndani. Nilidhani kidude kinaishia ndani ya gari letu. Sikujua kwamba kinarusha hadi kwa jirani.

Nikaona wazee wanaigeukia redio. Kisha wote wanne wakanigeukia mimi.

Nilipofungua kioo nilisikia gitaa linatoka kwenye pikapu ya mzee, kubwa kuliko kwangu. Mwanamume mmoja alikuwa analalamika kwa Kikikuyu kuhusu mapenzi.

"Marehemu amechukua gitaa," mzee mmoja akasema.

"Ati hiyo ni lugha gani tena?" mwingine akauliza, ingawa alijua.

"Ni huyu mama. Gari yake imekula redio yetu."

Walicheka, wawili kati yao. Baba mkwe hakucheka. Yule aliyekuwa anasubiri habari za shangazi yake pia hakucheka, kwa sababu ulipopita wimbo, tangazo lilikuwa limepita pia. Huyo nilimwomba msamaha siku hiyo hiyo, na nilimaanisha. Baba mkwe alifunga mlango wa pikapu polepole akaondoka. Hakuwa na desturi ya kunigombeza mimi. Alikuwa akimgombeza mume wangu, naye ananiletea.

Mume wangu aliniletea maneno hayo kesho yake, tukiwa tunamenya mahindi.

"Mama watoto, mzee amesema hicho kitu kitoke kwa gari."

"Kitoke kiende wapi?"

"Sijui. Kitoke tu."

"Amesema ni kwa sababu ya matangazo ama kwa sababu ya lugha?"

Alinyamaza akaendelea kumenya. Mume wangu si mwongo, na akinyamaza ni kwamba anatafuta namna ya kutokuwa mwongo.

"Yote mawili," akasema.

"La matangazo nimekosa. Nitaegesha mbali. La lugha, hapana."

"Si uvae tu zile za masikio? Hakuna mtu atasikia."

"Niendeshe kama kiziwi, mwenye lori akinipigia honi nisisikie?"

"Basi ucheze ukiwa peke yako."

"Nikiwa peke yangu siyo gari, ni kabati nimejifungia."

"Wewe unajua yale mzee alikufanyia," akasema kwa sauti ya chini.

Nilijua. Na hapo ndipo moyo wangu uliposita, nikajiuliza kama mimi ni mtu asiye na shukrani. Niliandika swali hilo kwenye daftari langu, na chini yake nikaandika sababu za upande wa mzee na za upande wangu. Zake zilikuwa nyingi kuliko zangu. Yangu ilikuwa moja: kwamba nikikubali kukitoa, nitakuwa nimekubali kwamba lugha ya mama yangu ni ya kufichwa na mimi mwenyewe, hata wakati hakuna mtu anayenitafuta. Niliisoma tena na tena nikitafuta mahali nimejidanganya. Pengine palikuwapo. Sikupaona. Kidude hakikutoka.

Wiki kadhaa zikapita mzee akinywa chai yangu bila kuniangalia. Kisha pikapu yake ikaharibika gia, na siku yake ya kuonana na daktari wa macho Kitale ikafika. Mume wangu hakupata ruhusa kazini. Hakukuwa na mwingine wa kuendesha ila mimi.

Tulipanga viti kwa mila: mama mkwe mbele, karibu nami, na mzee nyuma, upande wa pili, ili tusiwe jirani. Kwenda, sikuwasha kitu. Mtu anapelekwa kwa daktari akiwa na hofu ya macho yake, huwezi kumpigia gitaa. Hata yeye nadhani aliliona hilo. Daktari akamwambia macho hayajaharibika sana, akampa dawa ya matone, na tukarudi njiani mchana, jua kali, mzee ameegemea nyuma na kofia juu ya uso.

Tulipotoka Kiminini nikakibonyeza.

Mama mkwe alinitazama, akatazama mbele. Nyuma kofia ikashuka.

"Mama," mzee akamwita mkewe. "Mwambie azime."

"Amesikia. Ako na masikio."

"Nimesema umwambie."

Mama mkwe akanigeukia, uso umenyooka kama wa karani wa mahakama. "Mzee anasema uzime."

"Mwambie mzee nimesikia," nikasema, "lakini naomba nisizime."

"Anasema anaomba asizime," mama mkwe akapeleka nyuma, kana kwamba kati yetu kulikuwa na maili tatu.

Kidude kilikuwa kwenye paja langu. Kama mzee angekuwa mtu mwingine, angeinama katikati ya viti akakinyakua. Lakini hakuweza kunyoosha mkono kwangu, wala kupokea kitu kutoka mkononi mwangu. Mila ile ile iliyoninyamazisha miaka yote ndiyo ilikuwa imemfunga kule nyuma. Niliona aibu kidogo kufurahia hilo. Nilifurahi hata hivyo.

Kabla ya Kamukuywa kuna mahali barabara inateremka kati ya miti, na tulipoanza kuteremka sauti yake ilibadilika.

"Hapa zima," akasema. Hakupitisha kwa mkewe. "Hapa, mama, zima."

Pale ndipo kulipokuwa na kizuizi siku za fujo. Yeye alikuwa amenifuata Kitale na pikapu, mimi na watoto, wakati mume wangu hakuweza kupita kutoka Bungoma. Vijana walikuwa wameweka magogo na mawe, wanamtaka kila mtu asalimie kwa Kibukusu wasikie ulimi. Mimi ulimi wangu ungenisaliti kwenye neno la kwanza. Mzee aliteremka, mzee wa kanisa na mwalimu wa baadhi yao, akawaambia huyu ni mke wa mtoto wangu na ni bubu tangu kuzaliwa. Alisema hivyo mara mbili bila kupepesa. Nilikaa pale na mdomo wangu umefungwa, mtoto mapajani, na wakatuachilia. Sijawahi kumsikia akilizungumzia tena.

Kwa hiyo nilijua anachokiona pale. Alikuwa haogopi gitaa. Alikuwa anayaona yale magogo.

Ningeweza kuzima kwa ajili yake. Ningezima dakika mbili, tuteremke, tupande, niwashe tena, na hakuna ambaye angenilaumu. Hata leo bado nalipima hilo. Lakini kidole changu kilikuwa juu ya kitufe na nikahisi kwamba nikizima mahali hapa, basi ni hapa nitazima kila mara nikipita, na mimi hupita mara mbili kwa wiki. Na kwamba yule bubu alitosha siku ile moja.

"Baba," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu moja kwa moja ndani ya gari. "Siku ile uliniokoa na sitasahau. Lakini mimi si bubu."

Barabara ilikuwa wazi. Mwanamke mmoja alikuwa anauza nyanya kando, mahali pale pale, amezipanga kwa vikundi kwenye gunia, na ng'ombe wawili walikuwa wanavuka bila haraka. Nilipunguza mwendo kwa ajili yao. Nikabonyeza kitufe cha sauti pembeni, hatua mbili chini, kwa sababu macho yake yalikuwa yametoka kutiwa dawa na kichwa huenda kilimuuma. Sikubonyeza zaidi ya hapo.

Tukapanda upande wa pili. Wimbo ukaisha, mwingine ukaanza, wa mwanamume na gitaa tena.

Tulikuwa tumepita daraja ndipo mzee akakohoa.

"Mama, muulize huyo mtu anasema nini."

"Nani?" mama mkwe akasema. "Huyo wa kuimba? Mimi nitajuaje? Muulize mwenyewe, si mmeshaanza kuongea."

Nyuma mzee akaivua kofia akaiweka magotini.

"Anasema nini?" akauliza. Safari hii swali lilikuwa langu.

"Anasema alimsubiri msichana kwa stendi kutoka asubuhi," nikasema, "na magari yote yakaja, na msichana hakuwa kwa hata moja. Sasa anauliza dereva wa gari la mwisho kama kweli ameangalia viti vyote."

Mzee alifikiria.

"Huo ni upuzi," akasema. "Angeenda kwao aulize."

"Pengine aliogopa baba yake."

"Basi hampendi."

Mama mkwe akaanza kucheka, kicheko cha chini kinachotikisa mabega tu. Nikatafsiri ubeti uliofuata, na uliofuata huo, kwa sauti ya kutosha kufika nyuma, na kila ubeti mzee alikuwa na neno la kumkosoa yule mwimbaji. Tulifika kwenye tuta la sokoni na ningeweza kubadilisha wimbo. Niliuacha ukaendelea.