Kofia Nyuma ya Mlango

Mpaka leo nikisikia harufu ya vumbi lililonyunyiziwa maji, natafuta kwa macho mlango ulipo. Ndivyo ulivyonukia ukumbi wa parokia yetu, juu kwenye mteremko wa mtaa wa Kadutu, katika likizo kubwa nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Kilikuwa kiangazi, njia zilikuwa zimegeuka unga mwekundu, na kila asubuhi tulimwaga maji sakafuni kabla ya tonton Deo kufika. Tonton Deo, yaani mjomba kama tulivyomwita, alikuwa kijana mwembamba aliyetufundisha kuigiza bila kitabu. Alitutaka tulete jambo linalotuuma nyumbani, tulicheze mbele ya watu wa mtaa, kisha mtazamaji yeyote aweze kuita "Simama!", ajifunge kitambaa cha yule anayeonewa na kujaribu njia nyingine. Anayeonea alibaki palepale, na sheria yake ilikuwa moja: "Usilegee bure. Mutu akubane na maneno, ndiyo ulegee."

Mimi nilileta jambo la dada yangu Furaha. Papa, baba yetu, seremala asiyependa maneno mengi, alikuwa ameamua kwamba Septemba Furaha hatarudi shuleni. Angeenda Kavumu kumsaidia shangazi kuuza ndizi na viazi kando ya barabara. Hakumwambia mwenyewe. Alimtuma maman, naye maman aliusema ujumbe huo huku akichambua maharage, bila kuinua macho. Furaha alikuwa na miaka kumi na mitano, na tangu siku ile alikuwa akiikunja na kuikunjua sketi yake ya buluu ya shule kana kwamba kuna kitu amekisahau ndani yake. Nilidhani nikibadilisha majina hakuna atakayetutambua. Ingawa nilikuwa msichana, kwa sababu ya sauti yangu nzito nilipewa kumcheza baba, na sikujua baba mwingine wa kumwiga. Basi nilichukua kofia kuukuu ya Papa iliyotundikwa nyuma ya mlango, na kila mazoezi niliivua, nikaipiga gotini mara mbili hadi unga wa mbao ukaruka, nikasema, "Nimesema." Wenzangu walicheka hadi machozi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, na nguruwe hakuwa amefika bado.

Papa alifika Jumapili ya maonyesho, baada ya misa, na suti yake ya kahawia, akasimama karibu na mlango. Nilimwona nikiwa tayari nimevaa kofia. Nilitaka kuivua, lakini kuivua ndiko kulikokuwa kitendo chenyewe. Nikaipiga gotini mara mbili. "Nimesema." Mama mmoja wa mstari wa mbele akapaza sauti, "Huyu papa iko na roho ya jiwe!" Watu wakacheka. Ndipo nyuma yao ikasikika sauti niliyoijua kuliko yangu: "Simama."

Papa alipita katikati ya mabenchi polepole. Tonton Deo, asiyejua lolote, alimpa kitambaa. "Papa, funga vizuri, sasa uko mutoto mwanamuke!" mtu akamtania. Alikifunga kichwani kwa mikono yake mikubwa, akaweka mikono nyuma kama Furaha anavyofanya, akaniangalia. Alisema kwa sauti ndogo, "Papa, mi ntaenda Kavumu. Lakini uniambie we mwenyewe. Usitume maman."

Furaha alikuwa kwenye benchi la tatu, akinitazama. Nami nilianza kufikiri, jambo ambalo sijaacha tangu siku hiyo. Je, amenibana? Hakuomba kubaki, ameomba tu kuambiwa. Nikisema "Baki," nitakuwa nimelegea bure? Nikikataa, nitakuwa nimemtukana baba yangu mbele ya parokia nzima? Niliitazama milango yote miwili, yote ilijaa watu. Sheria ndiyo iliyokuwa karibu, nikaishika. Kofia gotini, mara mbili. "Nimesema."

Watu walipiga makofi. Papa akafungua kitambaa, akakikunja mara nne, akakirudisha. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na wangu ulikuwa umekwisha kujikwaa. Jioni hiyo Papa alimwita Furaha uani, akamwambia kwa kinywa chake mwenyewe kwamba atakwenda Kavumu. Akaenda. Sketi ya buluu nikairithi mimi.

Leo nina diploma ya chuo kikuu, na kila Jumamosi nawaongoza vijana katika mchezo uleule, kwenye ukumbi wenye vigae kule mtaa wa Ibanda. Furaha anauza bado kando ya ile barabara. Nilipomaliza masomo alinitumia gunia la viazi. Siku moja nilijikaza nikamuuliza kuhusu Jumapili ile. "Aliniambia mwenyewe," alisema. "Wengi hawakupata hata ile." Sijui kama alikuwa ananifariji au ananihukumu, na nimeyageuza maneno hayo hadi yameisha makali.

Jumamosi iliyopita msichana wa miaka kumi na miwili alikuwa anamcheza baba. Mwenzake alijifunga kitambaa, akaomba jambo dogo, vibaya, bila kumbana mtu. Yule wa kofia akanigeukia, uso umejaa hofu ninayoijua. Nilifungua kinywa kusema sheria. Nikajisikia nikisema, "Ukitaka, mukubalie."

Akashusha pumzi, akacheka. "Kumbe inaruhusiwa, dada?"

Nilikwenda kufungua dirisha, nikabaki pale nikiihesabu miaka tangu Jumapili ile.