Hedi Imefunguliwa Uani

Mtaani walimwita Spana, na hata wakwe zake walishasahau jina alilopewa na wazazi. Alikuwa fundi magari wa kusikiliza: gari likipita barabarani, yeye kitandani anakuambia plagi ipi imechoka. Kisha kiharusi kikampiga. Kilimlegeza mkono na mguu wa kulia, kikamfunga na ulimi. Maneno aliyajua yote, ila yakifika mdomoni yanakwama.

Mkewe, mshonaji, ndiye aliyejifunza kuendesha gari lao kuukuu ili ampeleke kwenye mazoezi ya viungo. Siku moja wakirudi, gari likachemka. Walifika nyumbani kwa kudra za Mungu, moshi mweupe nyuma, na kijiti cha oili kilipochomolewa kikatoka na rojo kama chai ya maziwa.

"Gas... gas..." Spana akahangaika. "Gasketi. Ya hedi." Yaani kizibo chembamba kinachokaa kati ya injini na kifuniko chake cha juu, hedi, ili maji yasiingie kwenye oili.

"Sasa tumwite nani?"

Spana akainua fimbo yake, akamnyooshea. "Wewe."

Mke akacheka mpaka akashika kiuno. "Baba Watoto, mimi nashona magauni!"

Lakini machoni mwa mumewe aliona kitu ambacho hakikuwamo tangu augue: hamu. Basi akapiga moyo konde, akavaa suruali kuukuu ya mumewe na kuikaza kwa kamba, akafungua boneti.

Spana alikaa kitini kando ya gari. Fimbo ikigusa bolti, mke analegeza, ikitikisika, anaacha. Bolti akazitumbukiza kwenye kopo lake la vifungo. Ilipofika zamu ya kuinua hedi, kaka wa mke, mwokaji mikate, akaja kumsaidia.

"Shemeji, hiki chuma au mlima?" akalalamika, jasho likimtiririka.

"Mi... mikate," Spana akajibu, "imekulegeza."

Wakacheka wote watatu. Kaka mtu akaipeleka hedi kwa fundi wa mashine ikasawazishwe uso, akairudisha inang'aa. Mke naye alikuwa ameshakwangua mabaki ya gasketi ya zamani taratibu, kama anayefumua mshono wa hariri.

Alipoilaza gasketi mpya, Spana akashtuka kitini. "Ha... hap..." Akapiga fimbo chini. Neno halikutoka. Uso ukamwiva, machozi yakamlenga.

Mke hakumkisia neno. Alifuta mikono, akachuchumaa mbele yake. "Taratibu. Sina haraka, nipo."

Spana akashika pindo la shati lake kwa mkono mzima, akaligeuza ndani nje.

"Kumbe nimeiweka kinyume!" Akaigeuza, na matundu yote ya maji yakaoana.

Hedi ikarudi mahali pake. Kukaza bolti nako kuna utaratibu wake, na Spana akaanza kuchora duara hewani, kutoka katikati kwenda pembeni. Mke akakunja uso, kisha akatabasamu. "Kama bitana ya gauni? Naanzia kati ili isijikunje?"

"Bitana!" Spana akasema. Neno zima, bila kukwama hata kidogo. Wakatazamana kama watu waliookota dhahabu.

Akakaza kidogo kidogo, mzunguko kwa mzunguko, mpaka bolti ya mwisho. Wakarudisha vilivyobaki, wakajaza maji na oili mpya, akawasha. Injini ikakohoa, ikasita, ikatulia. Moshi mweupe haukuonekana tena.

Spana alikuwa akilia waziwazi. "Asante," alisema. "Asante... kwa mikono."

"Mimi je, ningejuaje pa kugusa? Acha nami nikushukuru."

Safari iliyofuata ya mazoezini, hawajafika hata njia panda, gari likashtuka.

"Klachi!" Spana akafoka. "Mguu! Taratibu, mwanamke, utaniulia gari!"

Mkewe akauondoa mguu taratibu, akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Ile miezi ya ukimya, angetoa chochote agombezwe hivi.

"Endelea," akamwambia. "Nasikiliza."