Bustani ya Mheshimiwa kule Umm Salal

Wasomaji wangu mnanijua. Nimeishia darasa la saba, nimeshuka Doha na begi moja, leo nina malori yangu mwenyewe. Hakuna jambo la kunishangaza. Lakini nilipopigiwa simu kwamba Mheshimiwa amefariki, nilikaa kitako. Kwao alikuwa na mashamba ya kurithi, mifugo hadi upeo wa macho, na kiti cha ubunge miaka mingi. Uzeeni akaja Doha kuishi na bintiye muuguzi, akakodi kipande cha bustani Umm Salal, nje kidogo ya jiji. Basi kila Ijumaa madereva, walinzi na wapishi wa hoteli walimiminika kwake: huyu kagombana na mkewe kwa simu, yule kanyimwa likizo. Kwangu, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud mjini, penye makochi na kiyoyozi, haji mtu ila mwenye shida ya mkopo.

Nilimwonea wivu, na sioni haya kusema. Nikakodi kipande jirani, nikamwaga lori zima la mbolea, na Machi nikaanza kupanda mchicha na bamia. Mzee akajikongoja hadi kwangu, watu wake nyuma.

"Bwana mdogo, ndiyo unapanda sasa?"

"Masika hayo, Mheshimiwa! Au ubunge umekusahaulisha jembe?"

"Masika ya nani? Huku watu hupanda Oktoba, joto likishavunjika."

Walinzi wakaangua kicheko. Nikapanda kwa ubishi; Mei jua likanipikia mboga zikiwa shambani. Mzee hakucheka. Ijumaa hiyo aliwaambia watu wake, "Mpisheni bosi akae." Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwetu mwenye ardhi huamkiwa kwa sababu ya ardhi, na mbunge kwa sababu ya ubunge. Huku hakuwa na ekari wala cheo cha kumpa mtu, na bado walimwendea. Mimi nikadhani siri ni bustani. Tulipomaliza arobaini, nikaichukua: nikalipa kodi, nikatandika mazulia, nikaleta chai ya maziwa. Ijumaa wakajaa! Nikakaa palepale alipokuwa akikaa. Simu ya mlinzi mmoja ikaita.

"Niko kwa Mheshimiwa," akajibu, huku akininyooshea kikombe nimwongeze chai.

Fundisho, ndugu zangu, ni kwamba ardhi hukodishwa, watu hawakodishwi. Kulijua hilo kumenigharimu riyali elfu kumi na nne, mia tatu na themanini.