Joto la Viti Viwili: Kilosa hadi Mikumi na Mama Mkwe

Niliondoka Morogoro kwa sababu ya ubishi. Kazi yangu ni kutengeneza mafriji, na gari langu ni dogo la spoti, la viti viwili, lililokaa chini kiasi kwamba ukisimama kando yake paa linakufikia kifuani. Ni jepesi kwa sababu waliolitengeneza waliondoa kila walichoona ni mzigo: kiyoyozi, zulia, hata sponji ya kuzuia joto la injini lisiingie ndani. Linakimbia vizuri na linachoma vibaya. Wenzangu pale mtaani walikuwa hawachoki. "Fundi friji anaendesha oveni!" Kila nikipita, ni hilo hilo.

Msimu ule wa joto niliamua kulimaliza jambo hilo. Mtu anayejua kuzuia joto lisiingie kwenye friji atashindwaje na gari? Niliziba matundu kwenye bati linalotenganisha injini na miguu ya dereva, nikabandika foili nene juu yake, nikaviringisha mkanda wa kuzuia joto kwenye bomba la moshi mpaka pale mkono ulipoweza kufika. Nikazunguka mjini, miguu ikatulia. Lakini kuzunguka mjini si safari. Nilitaka barabara ndefu na jua la kweli.

Mke wangu, Joyce, alinitazama nikikagua matairi akasema, "Kama unakwenda kujaribu tu, basi jaribu kwa faida. Mpelekee mama unga wa lishe na vitenge vyake, Kilosa."

Asubuhi, kabla jua halijapanda, nilikuwa nimeshaipita Mvomero. Nilivaa singleti na kaptura, kama ninavyovaa siku zote ndani ya gari lile. Hewa iliingia kwa nguvu madirishani na nikajiona mshindi.

Dumila nilisimama kunywa chai na kununua nyanya za kumpelekea mama mkwe. Dada aliyeniuzia alizunguka gari lote akitafuta mahali pa kuziweka.

"Kaka, sasa hili linabeba nini?"

"Linabeba watu wawili."

"Wawili wapi? Huyo wa pili labda mtoto."

Nyanya tukaziweka chini, mbele ya kiti cha abiria.

Rudewa nilisimama tena, nikaingia nyuma ya kibanda kitupu kuvaa suruali na shati la mikono mirefu. Kwa mkwe huendi na kaptura. Mama mkwe wangu ni mtu wa milimani, mama wa kanisa, na tangu nimuoe binti yake hatujawahi kukaa kiti kimoja wala kula meza moja. Nikifika, nachutama mbali kidogo, nasema "Shikamoo mama," naye anaitikia "Marahaba baba" huku akitazama pembeni. Si kwamba hatupendani. Ndivyo tunavyoheshimiana.

Nilifika Magomeni, pale Kilosa mjini, jua likiwa limeshakuwa kali. Mama alipokea mzigo, akafungua mfuko wa nyanya, akaitoa moja na kuigeuza mkononi. Zile za chini zilikuwa zimelegea na kupasuka maganda, kama zimetiwa maji ya moto. Niliona aibu. Nikamlaumu yule dada wa Dumila kimoyomoyo kwamba ameniuzia mbovu.

Nilikuwa bado nakunywa maji kibarazani simu ya mama ilipoita. Alisikiliza amesimama, mkono mmoja kwenye nyonga yake mbovu. Aliyepiga alikuwa jirani wa Neema, binti yake wa mwisho, anayeishi Mikumi. Neema alikuwa na mimba ya pili, na uchungu ulikuwa umemwanza mapema. Amekimbizwa hospitali, madaktari wamesema watampasua. Mumewe alikuwa Kidodi na lori la miwa, simu yake haipatikani.

Mama alikata simu. Basi la Mikumi lilikuwa limeshaondoka asubuhi. Pikipiki hawezi, kwa ile nyonga. Jirani mwenye gari alikuwa amesafiri. Nilimsikia akiyapitia hayo yote kwa sauti ndogo, jambo baada ya jambo, mpaka macho yake yakafika kwenye gari langu.

"Baba Tumaini," akasema, akinitazama usoni. "Hilo linafika Mikumi?"

"Linafika, mama. Lakini barabara ile ina vipande vibovu, na lenyewe liko chini. Tutakwenda polepole. Na ndani kuna joto."

"Nimemzaa Neema peke yangu. Yeye hatazaa peke yake." Akaingia ndani kuchukua khanga zake.

Mchana tulitoka Kilosa tukipita kando ya mashamba ya mkonge, milima ikiwa mkono wa kulia. Mama alikuwa amejibana kwenye mlango, kikapu mapajani, uso ameugeuzia dirishani ili bega lake lisiguse langu. Fimbo ya gia ilikuwa katikati yetu, na kila nilipoingiza gia ya pili mkono wangu ulikaribia goti lake, naye akalisogeza, nami nikasema "Samahani mama," naye akasema "Haya baba." Tulikwenda hivyo kwa muda mrefu. Sikumbuki kama tulisema kitu kingine.

Lami ilipoisha shida ikaanza. Kwa kasi, gari lile linapumua, maana upepo unapita kwenye injini na ndani. Kwa mwendo wa kukwepa mashimo na mawe, joto lote linabaki pale pale na kutafuta pa kuingilia. Lori likitokea mbele tunafunga vioo kwa ajili ya vumbi, na vioo vikifungwa unahisi kama mtu amekuwekea mkono mdomoni. Jasho lilinichuruzika ndani ya lile shati mpaka kwenye mkanda wa suruali. Nilitamani kulivua. Nilitazama upande wa mama, nikaacha.

"Mama, joto halijakuzidi?"

"Hapana baba. Wewe endesha."

Nilimwamini, kwa sababu miguu yangu mwenyewe ilikuwa haiungui. Ile foili ilifanya kazi.

Tulipopita Ulaya nilimuuliza kama tusimame anywe maji. Hakujibu. Nikauliza tena. Akasema taratibu, "Tumefika Dumila?"

Dumila haiko kwenye njia ile kabisa. Nilimtazama sawasawa kwa mara ya kwanza tangu tuondoke. Uso wake ulikuwa mkavu. Mimi nilikuwa nimelowa kama nimetoka mtoni, yeye hana hata tone la jasho kwenye paji, na midomo imepauka. Nilishika breki, nikazunguka mbio kufungua mlango wake, na nilipoinama kuchukua kikapu kilichokuwa kimeanguka miguuni pake, kiganja changu kiligusa sakafu. Nilikirudisha haraka. Bati lilikuwa la kuunguza.

Hapo ndipo nilipoelewa zile nyanya. Bomba la moshi la gari lile linapita kushoto, chini ya miguu ya abiria, na ule mkanda wangu uliishia kabla ya hapo. Siku zote nilijaribu gari nikiwa peke yangu, nikakaa kwenye kiti cha dereva na kujipongeza. Upande wa pili hakuwahi kukaa mtu.

Hofu iliyonipata siwezi kuieleza vizuri. Alihitaji kutolewa mle ndani, kufunguliwa nguo, kumwagiwa maji. Na mimi ni mkwe wake. Nilisimama na mikono imenyooka mbele, kama mtu aliyeambiwa abebe kitu ambacho hakijafika. Kisha nikasema kwa sauti, "Mama, nisamehe," nikamshika chini ya makwapa, nikamtoa.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na boma la wafugaji na mti wenye kivuli kizuri. Mama mmoja mnene, aliyekuwa akichota maji ya ndama, alituona akaacha ndoo na kuja.

"Huyu ni mama yako?"

"Ni mama mkwe wangu. Joto la gari limemzidi."

Alinipokea mzigo wangu pale pale. "Basi wewe kaa huko, baba, geuka utazame ng'ombe. Hata sisi kwetu Usukumani mkwe haguswi. Nitamshughulikia mimi." Aliitwa Mama Kulwa. Nilikaa nimegeuka, nikasikia maji yakimwagwa, khanga zikikamuliwa, na sauti yake ikimsemesha mwenzake bila kukoma: "Kunywa kidogo. Kidogo kidogo. Usiyameze yote." Niliwatazama wale ng'ombe na kuwaombea Neema na mama yake kwa sala moja, bila kujua nianze na nani.

Baada ya muda nikasikia sauti ninayoijua. "Baba Tumaini yuko wapi?"

"Nipo, mama."

"Mbona tumesimama?"

Mama Kulwa akacheka kwa nguvu. Alimshauri alale pale hadi kesho, na mimi nilimuunga mkono kwa moyo wote. Mama alisikiliza, akanywa tena, akasema, "Mwanangu anapasuliwa leo." Nilijua hapo hakuna mjadala. Lakini na mimi nilikuwa na langu: hatutoki mpaka jua lishuke, na mpaka nimelishughulikia gari.

Jioni ilipokaribia nilifanya nilichopaswa kukifanya Morogoro. Mama Kulwa alinipa magunia mawili ya katani. Niliyakunja, nikayalowanisha, nikayatandika sakafuni upande wa abiria, na juu yake kipande cha ubao ili miguu isikanyage bati. Niliinua boneti kidogo kwa nyuma, nikaweka vipande vya mti chini ya bawaba na kuifunga kwa kamba, ili joto la injini litokee juu badala ya kutafuta miguu yetu. Dumu la maji likakaa katikati yetu. Mama alijifunika khanga iliyolowa kuanzia kichwani.

Tulipoagana, Mama Kulwa aliinama dirishani. "Sasa muwe mnasemeshana humo. Joto linapenda watu walionyamaza."

Kabla ya Mikumi kuna mwinuko ambapo barabara ilikuwa imechimbwa. Tulipanda kwa gia ya kwanza, na nikauona mshale wa joto la injini ukipanda pamoja nasi. Feni ilikuwa inafanya kazi, haitoshi. Ikichemka pale, tutalala porini. Kulikuwa na njia moja tu niliyoijua: kufungua hita. Hita huvuta joto kutoka kwenye maji ya injini na kulipuliza ndani. Injini inapona, waliomo ndani wanalipa.

Safari hii sikunyamaza. Nilimweleza mama jambo lote, kwamba nikifungua, ndani patakuwa pabaya mpaka tumalize mlima, na kwamba akisema hapana, tutasimama tungoje injini ipoe.

Alijimwagia maji kichwani, akalowanisha khanga upya. "Fungulia."

Nikafungua. Upepo uliotoka ulikuwa kama wa mdomo wa tanuru. Macho yaliniwasha, usukani ukateleza kwa jasho, na lile shati likaning'ang'ania mwilini. Mshale ukatulia, kisha ukaanza kushuka.

"Mwanangu," mama akasema. Hakuwahi kuniita hivyo kabla. "Vua hilo shati."

"Mama, siwezi."

"Ukizimia, nani ataendesha? Mimi? Vua. Sikutazami."

Nilivua kwa mkono mmoja, huku yeye akinishikia usukani kwa vidole viwili, uso ameugeuzia dirishani. Akalichukua shati, akalimwagia maji, akaniwekea shingoni. Tulimaliza mwinuko ule tukisemeshana kama watu wanaopigana na moto. Miguu vipi mama? Inavumilika. Wewe kichwa? Kinagonga kidogo. Kunywa maji. Nimekunywa. Kunywa tena.

Mikumi tuliingia taa za madukani zikianza kuwashwa. Nilivaa lile shati bichi mlangoni mwa hospitali. Nesi alitutazama, mama amelowa chapachapa kutoka kichwani, mimi vivyo hivyo, akauliza kama huko tulikotoka mvua imenyesha.

Neema alikuwa ameshatoka chumba cha upasuaji, yuko macho, na mtoto wa kike kando yake. Nilibaki mlangoni. Nilimwona akigeuza kichwa na kumwona mama yake, na uso wake ukakunjamana kwa kilio kama cha mtoto mdogo. Mama akakaa kitandani na khanga zake zile zile mbichi, akamshika. Mume wa Neema alitokea Kidodi baadaye, masizi ya miwa iliyochomwa bado yako nywelini.

Alfajiri niliondoka peke yangu. Mama alibaki kumuuguza Neema. Nilirudi kwa barabara kuu inayokatiza hifadhini, ambako lazima uende taratibu na hakuna ruhusa ya kushuka. Swala walikuwa kando ya lami wakinitazama. Kwa baridi ile ya asubuhi gari lilikuwa jema kabisa, na ilikuwa vigumu kuamini kwamba ndilo lile la jana. Nyumbani nililivua sakafu yote upande wa kushoto, nikaifanyia kazi wiki nzima, na kuijaribu nimekaa upande huo, Joyce akiendesha.

Nilichojifunza si kuhusu foili. Mama mkwe wangu alikuwa anaungua miguu tangu lami ilipoisha, akanyamaza kwa kuniheshimu. Mimi nilikuwa naiva ndani ya shati, nikanyamaza kwa kumheshimu. Heshima yetu ilikaribia kumuua. Sijaiacha, na sitaiacha. Nimeifundisha tu kusema.

Jumapili iliyofuata simu yangu iliita nikiwa karakanani. Mama mkwe hanipigiagi. Salamu zake zote hupitia kwa mke wangu. Nikasimama wima kabla ya kupokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Neema anaendelea vizuri, nataka kurudi nyumbani. Mkwe mwenzako ananiambia nipande basi. Nimemwambia nina usafiri wangu. Ila uje alfajiri, na uje na singleti."